Saa imezama mchangani: namna ya kuitafuta kwa ditekta katika fuo za Mombasa

Ukipigiwa simu kwamba saa ya mtu imepotelea ufuoni, usikimbilie mashine. Uliza kwanza maji yalikuwa yamejaa au yamekupwa.

Nasema hivi kwa sababu nimeona vijana wakizunguka pale ufuo wa Pirates tangu asubuhi hadi adhuhuri, kila mmoja na hedifoni zake masikioni, wakaondoka na vifuniko vya soda vya kujaza ndoo. Mashine zao zilikuwa nzima kabisa. Walikuwa wakitafuta mahali ambapo saa haikuwahi kufika. Kigunduzi cha metali, ambacho sote tunakiita ditekta, hujua jambo moja tu: kama kuna metali chini ya sahani yake, na sahani yenyewe ni pana kama sinia ndogo ya chai. Kutoka Nyali hadi Shanzu ni kilomita kadhaa za mchanga. Kuzipunguza kilomita hizo zikawa eneo la ukubwa wa chumba cha kulala ni kazi yako wewe, na utaifanya kwa maswali na kwa kuyajua maji.

Mhoji mwenye saa

Fanya hivyo siku ileile, na ikiwezekana mkiwa mmesimama palepale. Mtu aliyepoteza saa ya thamani huwa na hakika kubwa na kumbukumbu ndogo. Atakwambia, "Imeangukia majini, kaka, naapa," kwa kuwa majini ndiko alikokuwa alipoona mkono mtupu. Lakini kugundua ni jambo moja na kupotea ni jambo jingine, na baina yake hupita hata saa nzima.

Mimi huuliza hivi. Mara ya mwisho kuitazama ilikuwa lini? Ulifika wakati gani, ulikaa wapi, ulivua nini? Ulijipaka mafuta? Ulicheza mpira, ulimbeba mtoto, ulipanda boti, ulikodi tairi la kuogelea? Maji yalikufika wapi: magotini, kiunoni, kifuani? Mkanda wa saa ni wa chuma, wa ngozi au wa mpira?

Kila swali lina sababu yake. Anayejipaka mafuta huivua saa akaiweka juu ya taulo, kisha taulo hukung'utwa. Anayerusha mpira huweza kuirusha saa mita tano au zaidi bila kuhisi kitu. Anayeng'ang'ania tairi hulisugua kwa kifundo cha mkono, na pini mbili nyembamba zinazoshika mkanda ndizo hukatika kabla ya kitu kingine chochote.

Halafu muombe simu yake. Siku hizi hakuna anayeingia baharini bila kupigwa picha, na picha ya simu hubeba wakati wake ndani. Pitia moja baada ya moja ukikuza kifundo cha mkono.

Desemba moja nilipigiwa na bwana aliyeshuka kutoka Nakuru na familia yake. Alishasema, na akarudia, kwamba saa ilizama maji yakiwa kifuani. Tukakaa chini ya mvinje, tukafungua picha. Saa kumi na dakika kumi yuko baharini, saa iko mkononi. Saa kumi na dakika hamsini na mbili ametoka, ameshika dafu, saa bado inang'aa. Saa kumi na moja na robo anakula mhogo wa kukaanga, na mkononi mna alama nyeupe tu pale jua lisipofika. Nikamuuliza alifanya nini baina ya dafu na mhogo. Akafikiri, akatikisa kichwa. Mkewe ndiye aliyejibu: "Si ulikuwa ukimzika mtoto mchangani?"

Kumbe. Alikuwa amechimba kwa mikono yote miwili kumfunika mwanawe hadi shingoni, kama wanavyofanya watoto wote wa bara wakiuona mchanga kwa mara ya kwanza. Tuliipata katika mchanga mkavu, kina cha kiganja, kabla dakika kumi hazijaisha. Tungeanzia kifuani mwa bahari tungekuwa huko mpaka leo.

Picha ina faida nyingine. Tazama nyuma ya mtu: mnazi uliopinda, pembe ya ukuta wa hoteli, mnara wa simu. Wavuvi wetu huurudia mwamba uleule wa samaki mwaka hadi mwaka kwa kupanganisha alama mbili za bara, ya mbele na ya nyuma. Fanya vivyo hivyo. Simama na picha mkononi, sogea mpaka mnazi na pembe ya ukuta vikae kama vilivyokaa pichani. Ukipata jozi mbili za alama, umepata mahali pake kwa hatua chache tu za makosa.

Soma maji

Hapa ndipo Mombasa inapotofautiana na fuo ambazo mafunzo mengi ya mtandaoni yametengenezewa. Kwetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50. Wakati wa bamvua tofauti ya kujaa na kupwa huweza kukaribia mita 4. Wakati wa maji mafu hupungua ikawa kama mita moja. Anayefuata tarehe za mwezi wa Kiislamu ana kalenda ya bamvua kichwani: siku za mwanzo wa mwezi, kisha tena mwezi ukishapevuka, kuanzia tarehe kumi na tano. Na bamvua yetu ina jambo moja la kushukuru. Maji hupwa kabisa kwenye saa nne hivi asubuhi, mchana kweupe. Siku za maji mafu kupwa huangukia alasiri, na hata yakipwa hayaendi mbali.

Mamlaka ya Bandari ya Kenya hutoa jedwali la maji ya Mombasa lenye nyakati na kimo kwa mita. Lipate, kwa sababu linakuwezesha kupiga hesabu hii ndogo, ambayo kwangu ina thamani kuliko mashine yenyewe.

Tuseme mwenye saa alikuwa amesimama maji yakimfika kifuani, yaani kina cha mita 1.3. Jedwali linaonyesha wakati ule kimo cha maji kilikuwa mita 1.9. Toa kina katika kimo: 1.9 ukitoa 1.3 ni 0.6. Basi mchanga aliosimama juu yake uko kwenye kimo cha mita 0.6. Sasa tafuta siku ambayo maji yatapwa chini ya hapo. Kesho yakishuka hadi 0.4, mahali pale patakuwa pakavu, nawe utatembea kwa miguu ulipodhani unahitaji mzamiaji. Lakini kama ni maji mafu na kupwa kwake ni 1.2, hapo patabaki na maji ya sentimita 60. Kama bamvua ijayo iko wiki nzima mbele, usingoje. Ingia na mashine isiyopitisha maji, ukiwa umezama mapajani.

Haraka ni muhimu kwa sababu mchanga haulali. Saa nzito ya chuma haisafiri sana. Wimbi likipita, mchanga unaoizunguka hulegea, saa hushuka palepale, hivyo hivyo kila maji yanaporudi, mpaka ikutane na tabaka gumu la kombe na vipande vya matumbawe. Likiwa tabaka hilo liko karibu, una bahati. Likiwa mbali, saa itakupita kina. Saa nyepesi ya plastiki yenye mkanda wa mpira ni habari nyingine: hiyo hubebwa. Msimu wa upepo wa kusi mchanga wa ufuoni husukumwa kuelekea kaskazini, na wa kaskazi husukumwa kurudi kusini, kwa hiyo panua eneo lako upande ambao msimu unasukuma. Kusi huleta pia mwani, marundo kwa marundo. Usiuruke. Saa ya mpira hunasa humo kama samaki wavuni.

Anza kazi muda wa saa mbili kabla ya maji kupwa kabisa, uyafuate yakishuka. Ukianza yakiwa yameshapwa, muda si muda yanakugeukia.

Mashine, na kwa nini chumvi huitia wazimu

Sahani ya ditekta hutoa nguvu ya sumaku inayobadilikabadilika. Ikikuta metali, mkondo mdogo wa umeme huzunguka ndani ya metali hiyo, na mashine husikia mwangwi wake. Tatizo ni kwamba maji ya chumvi nayo hupitisha umeme. Kwa mashine rahisi za masafa mamoja, yaani frikwensi moja tu, mchanga uliolowa ni kama bahari nzima imegeuka metali: hulia kila unapoyumbisha mkono.

Nilipoanza nilikuwa na Garrett ACE 250, mashine nzuri kwa shamba na kwa mchanga mkavu. Sahani yake huvumilia maji, kisanduku cha juu hakivumilii. Nilitembea nayo ukingoni mwa maji saa mbili nzima pale Nyali nikifukua milio ya uongo, na mzee mmoja mvuvi akanipita akauliza kwa upole, "Mwanangu, unatafuta maji?"

Kwa ufuo, chagua mashine ya masafa mengi kwa wakati mmoja. Minelab Equinox, Nokta Legend na XP Deus II ni za aina hiyo na huzamishwa majini. Zipo pia za mapigo, zinazotuma nguvu yake kwa vipande vifupi vifupi, ambazo hazijali chumvi na hufika kina kirefu, ila nyingi haziwezi kukutenganishia chuma na kitu kingine. Palipojaa misumari ya maboti kama fuo zetu, mgongo utakuuma kabla ya saa kuonekana. Kama huna ya kwako na saa ni moja tu, azima au mtafute mwenye nayo. Usinunue ditekta ili utafute saa moja.

Pamoja na mashine chukua hedifoni, kalamu ya kugundulia ya kuchokoa ndani ya shimo, kamba, vijiti, na chekeche la mpini mrefu. Hilo la mwisho fundi yeyote wa jua kali wa kuchomelea atakuundia. Mwambie atumie bati lisiloshika kutu, matundu yawe ya milimita 10 hivi: mchanga upite, saa ibaki. Vaa viatu. Fuo za watu wengi zina vigae vya chupa, na hata sindano.

Ukifika, weka mashine kwenye mpangilio wa ufuo kama inao. Sawazisha mashine na mchanga kwa kuinua na kushusha sahani mahali pasipo na metali mpaka inyamaze, kisha punguza kiwango cha kuhisi hadi milio ya uongo ikome. Wengi hukataa kupunguza wakidhani watapoteza kina. Ukweli ni kwamba mashine inayopiga kelele haisikii chochote. Na utembee sambamba na ukingo wa maji. Ukitembea kutoka mchanga mkavu kwenda majini, unyevu chini ya sahani hubadilika kila hatua, nayo mashine hubadilika nao.

Kisha, kabla ya kutafuta, zika saa ya mfano. Chukua saa inayofanana na iliyopotea, itie katika mfuko wa plastiki, ifunge kamba ndefu, izike kina cha kiganja katika mchanga uleule, upite juu yake mara kadhaa. Kamba si mapambo. Mimi nimewahi kupoteza saa ya mfano nikitafuta ya mwenyewe, na sikupata hata moja siku hiyo.

Utakachosikia kitakushangaza. Chuma kisichoshika kutu hakipitishi umeme vizuri, kwa hiyo saa kubwa ya chuma huweza kutoa namba ya chini kwenye kioo cha mashine au namba inayorukaruka, tofauti na sarafu inayokaa palepale. Mkanda wa chuma uliofungwa ukawa duara hulia kwa nguvu, na uliofunguka au kukatika hulia kidogo na kwa vipande. Saa ya plastiki hulia kifuniko chake cha nyuma na betri tu, mlio mdogo kama wa karatasi ya sigara. Kwa sababu hiyo usiweke kichujio kikali. Ukiiambia mashine inyamazie kila kinachofanana na takataka, umeiambia inyamazie saa.

Piga mistari

Tandaza kamba na vijiti ufanye miraba ya mita tano kwa tano, ukianzia pale picha na hesabu vilipokuelekeza. Yumbisha sahani polepole, karibu na mchanga, bila kuinua ncha mwishoni mwa kila mzunguko kama mtu anayefyeka nyasi. Kila mpigo ufunike nusu ya uliotangulia. Ukimaliza mraba, ugeuke uupite tena kwa kukata ile mistari ya kwanza, maana saa iliyosimama kwa ubavu huweza kunyamaza upande mmoja na kulia upande wa pili.

Kaa mbali na vitanda vya jua vyenye fremu za chuma na kuta zenye nondo. Mwaka 1881 Alexander Graham Bell alijaribu kuitafuta risasi mwilini mwa Rais Garfield wa Marekani kwa chombo cha namna hii akashindwa, na inasemekana springi za kitanda zilichangia kumchanganya. Simu yako mfukoni na chekeche lililoegemea mguu vitakufanyia vivyo hivyo.

Ukipata mlio, uuvuke kwa msalaba, weka alama kwa kidole cha mguu, usogee nyuma kidogo, ndipo uchimbe. Usichimbe juu yake kabisa. Ukingo wa chekeche umeshakwaruza vioo vingi. Chota, pitisha sahani tena juu ya shimo. Kama limenyamaza, kitu kiko katika ulichochota. Majini tikisa chekeche mpaka mchanga uishe. Shimo lifukie kila mara, hata kama mlio ulikuwa wa kifuniko. Jioni watoto hukimbia hapo, na ngamia hupita.

Watu na sheria

Katiba ya 2010, katika Ibara ya 62, inahesabu ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na ya maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Bustani ya hoteli si ya umma, kwa hiyo usivuke ukuta. Hata katika ufuo wa wazi, salimia kwanza: waokoaji, wauza madafu, vijana wa maboti. Waambie unatafuta nini, kwa ajili ya nani. Mara mbili nimeelekezwa na muuza achari aliyeona mtu akiinama kuokota kitu, na saa ikarudi bila kuwasha mashine. Ukinyamaza, dakika tano tu umeshazushiwa kwamba unatafuta dhahabu ya Wareno.

Na dhahabu ya Wareno usiitafute. Mabaki ya kale yanalindwa na Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006, na utafutaji wake unahitaji kibali. Eneo la Fort Jesus, ambako jahazi la Kireno Santo António de Tanna lilizama mwaka 1697, na magofu kama ya Jumba la Mtwana, hayo usiyakaribie na ditekta. Ukifukua kitu kinachoonekana cha kale popote pale, kiache kilipo uwaarifu Makumbusho. Ndani ya hifadhi ya bahari ya Mombasa, uliza kwanza kwa askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Na juu ya mstari wa maji kujaa usichimbe palipowekewa alama za viota vya kasa.

Mapatano na mwenye saa yafanyike kabla: nauli atoe ipatikane isipatikane, na zawadi ikipatikana. Ukiokota saa usiyoitafuta, usitangaze kila kitu chake. Sema umeokota saa, basi. Anayedai akutajie rangi ya uso wake, mkanda, maandishi ya nyuma, au alete picha. Ile yenye mkwaruzo saa tatu kamili ya uso wake, mwenyewe anaujua mkwaruzo huo.

Ikishapatikana

Furaha huharibu saa nyingi kuliko bahari. Mtu huipokea, huipangusa kwa shati, huvuta kifundo cha pembeni aone kama inafanya kazi. Mzuie. Kifundo kikivutwa hufungua njia ya maji na mchanga. Kiache kilivyo, isuuze saa katika maji baridi yasiyo na chumvi, ubadilishe maji mara mbili tatu. Kama kuna ukungu ndani ya kioo, maji yameingia, na hapo ni mbio: chumvi na hewa hula mitambo kwa siku chache tu. Usiianike juani, usiitie katika mchele. Ipeleke kwa fundi saa siku hiyohiyo, aifungue, atoe betri kama ni ya betri, aioshe. Saa janja usiichaji mpaka uhakikishe tundu lake limekauka. Wala maandishi ya mita 30 nyuma ya saa yasimdanganye mtu. Hayo ni kipimo cha maabara, na kwa matumizi ya kawaida maana yake ni kunawa mikono na manyunyu ya mvua.

Na fundi akiwa nayo mezani, mwambie abadilishe pini zote mbili za mkanda, si ile moja iliyokatika.